Kuku wa Nyuzi Nne

Madame bado amepinda kuelekea dirishani, na mimi bado niko Durban. Nilikuja kwa siku mbili. Leo ni ya tano, tiketi yangu ya kurudi Arusha nimeshaibadilisha, na tangu asubuhi nimekwenda getini na kurudi mara sijui ngapi kutazama mawingu yaliyolala juu ya kilima cha Bluff. Madame si mtu. Ni vibao viwili vyembamba, urefu wa rula, vilivyogandishwa mgongo kwa mgongo, mistari ya mbao ya kimoja ikienda wima na ya mwenzake ikienda mlalo. Hewa ikiwa na maji, kimoja kinavimba kuliko kingine, basi vyote viwili vinapinda kuelekea dirishani. Hewa ikikauka vinanyooka. Papa Donat, fundi aliyenifundisha, alivitundika kwenye ukuta wa gereji hii ya Glenwood kabla sijamjua, akavipa jina hilo kwa heshima zote, na hapa hakuna gundi inayopashwa moto kabla Madame hajaulizwa. Mke wake, Mama Odette, ndiye aliyeniita. Alinipata kupitia watu wa kanisani kwao, akanitumia ujumbe wa sauti: "Rehema, mtoto, mikono ya Papa imechoka. Tunafunga garage. Iko kintu yako moja hapa ku ukuta, na Papa anakataa mtu mwingine aishike. Kuya." Nilijua ni kitu gani kabla hajamaliza kusema. Nina karakana ya makochi Arusha, na siku hiyo nilikaa chini kwenye kochi la mteja, jambo ambalo mafundi wangu hawajawahi kuniona nikilifanya.

Habari za nilikozaliwa na walionizaa naziacha kando. Wao ni watu wa subira na hawahusiki na mwaka ninaousimulia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nauza makava ya simu katika duka moja mtaa wa Overport, hapa hapa Durban, na nilikuwa nimeshaanza na kuacha kozi mbili, vyumba vinne na mchumba mmoja. Begi langu lilikaa chini ya kitanda likiwa limefungwa. Nguo nilizitoa moja moja na kuzirudisha zikikauka. Chumba cha tano kilikuwa cha uani katika nyumba hii, ukuta mmoja na gereji. Wiki ya kwanza nilivumilia harufu. Ya pili nikaenda kugonga, nimejiandaa kugomba. Ilikuwa harufu ya gundi ya ngozi ya ng'ombe, ambayo hupashwa katika kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, na hunuka kama supu iliyosahauliwa. Alinifungulia mwanamume mfupi aliyevaa kizibao cha njano cha walinda magari, maana asubuhi alikuwa akilinda magari kwenye maegesho ya supamaketi na alikuwa hajapata muda wa kukivua. Mkononi alishika kiatu cha mbao, chenye kisigino na kamba zilizochongwa vizuri kabisa, na pale mguu unapoingilia palichomoza shingo ya ukulele, kigitaa cha nyuzi nne. "Shikamoo," nikasema, maana hasira haikunisahaulisha adabu. Akafikiri kidogo. "Marahaba," akajibu. "Watanzania munapenda sana hii kintu." Kisha akakipiga kile kiatu, nacho kikalia kwa sauti ya puani, sauti ya mtu mwenye mafua anayelazimisha kuimba kwaya. Nilicheka mpaka nikashika fremu ya mlango. Malalamiko yangu sijayatoa mpaka leo.

Nikaanza kwa kusimama pale mlangoni kila nikitoka dukani, kisha nikaanza kuingia, kisha siku moja akanipa msasa. Nilimuuliza kwa nini hatengenezi ukulele kama za watu wengine, zenye kiuno na makalio. Alisema za namna hiyo zimejaa madukani, zinatoka kiwandani, na mtu akiiona yako atailinganisha na ile na kusema yako imekosewa. "Lakini kiatu?" akainua kile kiatu. "Nani atakuambia hii kiatu haiko sawa?" Ukutani palikuwa na parachichi lililokatwa katikati, kokwa lake ndilo tundu la sauti, palikuwa na samaki mnene, na pasi ya mkaa yenye matundu yake ya moshi ubavuni. Kila moja ilikuwa na sauti yake: parachichi liliongea chini chini, pasi ilifoka. Mbao zilitoka kwenye makabati ambayo wanafunzi wa chuo waliyatupa njiani wakihama, na nyuso za mbele tulizikata kutoka katika piano ya kanisa iliyokufa. Kazi niliyoipenda kupita zote ilikuwa kupinda mbavu. Unalowesha kipande chembamba cha mbao, unakikandamiza kwenye bomba la chuma lenye moto, nacho kinakataa, kinakataa, halafu kwa ghafla kinalegea mikononi mwako na kukubali kuwa mgongo wa samaki. Mara ya kwanza kiliponilegea nilipiga kelele, na tumbili wakaruka kutoka kwenye paa la jirani. Nilifurahi. Nimetafuta neno kubwa zaidi kwa miaka mingi na sijalipata. Tatizo lilikuwa saa zinazofuata, kwa sababu ukishagandisha kitu lazima ukiache, na mimi kuacha kitu peke yake nilikuwa siwezi. Nilizunguka uani, nilifungua na kufunga droo, nilibonyeza gundi kwa kidole kuona kama imekauka na kuharibu nilichokitengeneza.

Jioni tulikula jikoni kwa Mama Odette, chumba chenye meza moja, kalenda tatu na dirisha linalotazama uani. Alipika bukari, ugali wa kwao, na sombe, yaani kisamvu, yenye samaki wa chumvi, akanifundisha kumega kwa vidole vitatu, ingawa kwetu nilishajua kula ugali kabla ya kujua kusema. Pale nilisikia mengi yasiyonihusu: foleni za karatasi za ukimbizi, nani ameolewa na nani, teksi gani dereva wake hasimami kwenye roboti, yaani taa za barabarani. Siku moja nilisikia linalonihusu. Nilikuwa bombani uani, nje ya lile dirisha, nao walidhani nimekwenda dukani. "Ile mtoto haina makalio," Mama Odette alisema, "haiwezi kukaa. Utaizoea, halafu itaenda." "Muache amalize kintu moja kwanza," akasema Papa Donat. "Halafu aende." Nilifunga bomba taratibu wasinisikie. Niliumia, na niliumia zaidi kwa sababu hakuna aliyekuwa amenisingizia. Nilikwenda chumbani nikalitazama begi langu, nikarudi gerejini kupiga msasa mkia wa samaki ambao ulishapigwa msasa tangu jana yake.

Januari ikaja oda. Mwalimu mmoja wa Johannesburg alikuwa akiandaa chumba cha muziki cha watoto wadogo, akaona picha ya kile kiatu, akataka ukulele sita, kila moja sura yake. Watoto wakizipenda, alisema, ataagiza nyingine thelathini kwa ajili ya shule za wenzake. Ndani ya nyumba hii hapakuwa na habari nyingine tena. Papa Donat alikuwa mwalimu wa useremala Lubumbashi, wanafunzi wakisimama anapoingia darasani. Overport watu walimpigia mluzi wakitaka awaoneshe nafasi ya gari. Thelathini zingemvua kile kizibao cha njano. Mama Odette alishachagua siku ya kukichoma na wimbo wa kuimba kikiungua. Tano alizitengeneza Papa Donat mwenyewe. Ya sita alinipa mimi, na sura yake akaichagua yeye, macho yakimcheka: kuku anayetamia. "Wewe hauwezi kukaa," akasema. "Sasa mufundishe kuku akae."

Nilimtengeneza kwa miezi mitatu. Tumbo lake lilikuwa pana na zito kama la kuku aliyekalia mayai kumi na mbili, mkia umeinuka kidogo, shingo ndefu isivyo kawaida kwa sababu ndiyo iliyobeba nyuzi, na kule juu, penye vigingi vya kukazia, nilimchongea upanga mwekundu. Tundu la sauti lilikuwa yai, chini ya bawa. Nilivunja mbavu tatu kabla ya kupata ya nne. Nikiwa nauza makava nilikuwa nachora kuku nyuma ya risiti. Nilizungumza naye pia, naomba nisichekwe, kwa kuwa ukishika kitu kila siku na kina jicho, utakisalimia. Mwishoni mwa Machi alibaki kufungwa mgongo tu. Na hapo ndipo penye desturi ya gereji hii. Kabla sanduku la ukulele, yaani tumbo lake, halijafungwa, anayelifunga anaandika ndani, kwa penseli, hali ya hewa ya siku hiyo na jina lake. Hakuna atakayeyaona maandishi hayo chombo kikiwa kizima. Siku kikirudi kimeharibika ndipo hufunguliwa, na anayekifungua ni yule yule aliyekifunga, asome mwenyewe alichofanya. Papa Donat hakuwahi kufungua sanduku la mtu mwingine, na hakuna aliyefungua la kwake.

Aprili mvua ikanyesha siku tisa. Si manyunyu, mvua ile ya Durban ambayo taulo haikauki na chumvi inageuka uji. Lori la Johannesburg lilikuwa linaondoka Ijumaa. Jumatano Papa Donat akamtazama Madame aliyepinda mpaka karibu aguse kioo. "Haiko siku ya gundi," akasema. "Tano zitaenda. Kuku atafuata." Alinieleza vizuri, maana alikuwa mwalimu: mbao sasa imekunywa maji na imevimba; ukiibana hivi, halafu ikaenda Johannesburg kwenye hewa kavu ya kipupwe, itataka kusinyaa na itakuta imefungwa, na itapasuka. Nikasema sawa, Papa. Haikuwa sawa. Niliziona zile tano zikifungwa kwenye makaratasi, kiatu, parachichi, pasi, samaki na kofia, na kuku wangu amelala kifudifudi mgongo wazi. Nilijijua. Nilijua lori likiondoka bila yeye, mimi nitaondoka pia, na atabaki hivyo hivyo kama kozi zangu.

Alhamisi asubuhi Papa Donat alikwenda kwenye maegesho, Mama Odette alikwenda kusuka watu saluni. Nikawasha jiko la gesi nikapasha gundi. Nikaandika ndani ya tumbo la kuku: Upepo mkavu. Madame amenyooka. Rehema. Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba sikuisikia penseli yangu. Nikapaka gundi ukingoni, nikalaza mgongo, nikaanza kubana kwa vibanio vya nguo na mikanda tuliyokata kutoka tyubu za baiskeli, kimoja baada ya kingine, kuzunguka mkia, kupanda bawani, kushuka tumboni. Ninachokumbuka ni kwamba sikutazama mlango. Mimi, ambaye katika kila chumba nilichoingia nilitazama kwanza mlango uko wapi. Nilipomaliza nilikwenda jikoni, nikakuta mezani nusu ya bani chau, ule mkate uliotobolewa na kujazwa mchuzi wa maharage, imefungwa kwenye gazeti na imepoa kabisa. Nikaila bila kujiuliza imetoka wapi. Jioni Papa Donat alirudi, akamtazama kuku katika mikanda yake, akamtazama Madame. "Alisema nini?" akauliza. "Saa nne alinyooka kidogo," nikajibu. Akavua kizibao akakitundika kwenye msumari wake. "Bon," akasema. Ijumaa asubuhi niliwaletea keki. Kuku akaenda na wenzake, na nikalisukuma begi langu mpaka mwisho kabisa wa uvungu.

Juni simu ikalia jikoni, nami niko mezani nachambua sombe. Papa Donat alisikiliza muda mrefu, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba anasikitika sana, kwamba kosa ni lake, kwamba yeye ndiye aliyeifunga. Kuku alikuwa amepasuka tumbo lote, kutoka mkiani mpaka shingoni, mikononi mwa mtoto. Mwalimu alisema hawezi kuagiza thelathini za vyombo vinavyopasuka. Papa Donat akaweka simu, akanawa mikono ingawa haikuwa michafu, akatoka. Ningeweza kusema pale pale. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Badala yake nikasema nimepata kazi Cape Town, na nikaondoka kwa basi la asubuhi iliyofuata, na Mama Odette akanifungia chapati za njiani, na sikuweza kumtazama. Baada ya Cape Town ilikuja Windhoek, halafu Lusaka, halafu Arusha. Nimetengeneza viti, meza, makochi. Ukulele sikutengeneza tena, hata ya mzaha, hata watoto wangu waliponiomba.

Kwa hiyo siku niliyofika, miaka ishirini na sita baadaye, nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Papa Donat alikuwa kwenye kiti gerejini, amepungua, mikono yake ikitetemeka mapajani bila kumuuliza. "Shikamoo, Papa." "Marahaba," akajibu, safari hii bila kufikiri. Akaonesha ukutani kwa kidevu. Kuku wangu alikuwa pale kwenye msumari, na ufa wake mweusi. Alirudishwa mwezi ule ule niliokimbia, na hakuna aliyemgusa isipokuwa kumpangusa vumbi. "Kwa nini hukumfungua, Papa?" "Mimi sikuifunga," akasema. "Kufunga leo hapana, Madame anakataa. Mais kufungua unaweza." Nikapasha kisu, nikakipitisha ukingoni kwa matone ya maji moto, na ile gundi ya ngozi ikalegea na kutoa harufu yake ile ile ya supu. Mgongo ukatoka mzima. Penseli ilikuwa haijafifia hata kidogo.

"Inasema nini?" akauliza. Macho yake siku hizi hayasomi. Ningeweza kusoma chochote, na nakiri kwamba kwa sekunde moja nilitafuta la kusoma. Nikasoma lililoandikwa. Kisha nikasema, "Ni uongo, Papa. Ilikuwa mvua."

"Najua. Nilikuwa ku mulango."

Nikaweka kisu chini.

"Mvua ilitufukuza ku parking. Nilirudi na bani chau ya sisi wawili. Nilisimama pale," akaonesha mlango, "mpaka muchuzi ikapoa. Nikaacha yako ku meza, nikarudi kazi."

"Kwa nini hukunizuia?"

"Ulikuwa unaimba."

"Mimi siimbi, Papa."

"Eish, unaimba mubaya sana. Lakini ulikuwa umekaa. Lisaa lote umekaa, hauangalie mulango. Nilisema, kesho nitamuambia, tutaifungua pamoja. Kesho ukakuya na keki." Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Ilinishinda."

"Ulinikasirikia?"

"Vraiment, sana. Miaka ine. Kila nikivaa ile kizibao."

"Mitano!" Mama Odette akapaza sauti kutoka jikoni. "Usimudanganye mtoto wa watu. Mitano!"

Nililia pale, mbele ya vibanio vya nguo, mwanamke mzima mwenye mafundi saba. Papa Donat aliniacha nilie, kisha akaniambia nichukue gundi nizibe ule ufa kwa ukanda mwembamba wa mbao, ila mgongo usubiri. Nisubiri nini? Hewa kavu. Lini? Akamuonesha Madame kwa kidevu. Ndiyo maana niko hapa, nazunguka uani, nafungua droo na kuzifunga.

Hayo niliyaandika jana. Leo asubuhi niliamshwa na dirisha lililokuwa likigongagonga, na nilipotoka nje upepo wa milimani ulinipiga usoni, wa moto na mkavu, na nguo zote za jirani zilikuwa zimejaa hewa kwenye kamba. Nikakimbilia gerejini nimejifunga kanga tu. Madame alikuwa amesimama wima kama askari. Papa Donat ameshakaa kitini mwake, amevaa kofia, na sufuria ya gundi iko kwenye jiko la gesi inapata moto, kwa hiyo sijui nani alimuamsha nani. "Andika kwanza," akasema. Nikachukua penseli. Chini ya ule mstari wa zamani nikaandika: Ilikuwa mvua, siku ya tisa. Na chini yake: Leo upepo wa milimani. Rehema. Nikamsomea yote kwa sauti, naye akaitikia kwa kichwa, nikapaka gundi ukingoni na kulaza mgongo. Redio ya Mama Odette ilikuwa inatoa matangazo. Nikaanza kubana kuzunguka mkia, kupanda bawani, kushuka tumboni, mikanda ile ile ya tyubu, mingine imekatika na nimeifunga mafundo. Kuku akatulia chini ya mikono yangu. Nilikuwa nimeshika kibanio cha mwisho nilipomsikia Papa Donat akiita kuelekea jikoni, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtoto amelala.

"Odette, funga radio. Ameanza."